Makombe Mekundu ya Leonise

Jumatatu, 12 Agosti
Jumamosi kamati ya hifadhi inakuja kuchagua njia moja ya watembezi, yangu au ya jirani yangu Eustache. Mshindi ndiye atakayeipa jina. Eustache anataka jina lake mwenyewe. Mtu mzima, tena yu hai! Yangu itaitwa Njia ya Leonise. Tuliifyeka sisi wawili, mimi na marehemu mke wangu, kutoka ghala la baruti la ngome kongwe mpaka mizinga yake ya juu. Kasoro yake ni moja tu: kila apitaye hupotea.

Jumatano, 14 Agosti
Penye nia pana njia! Nyuma ya jiko kuna rundo la makombe ya konokono wa baharini. Leonise aliwaokota, akawapika, tukawala. Sijawahi kuwa na moyo wa kuyatupa. Leo nimeyapaka rangi nyekundu; yatakuwa alama za njia. Eustache alichungulia uani, akauliza, "Vipi Féli, unaoa tena?" Niliendelea kupaka. Wivu tu.

Ijumaa, 16 Agosti
Nimeyapanga yote, kila kona kombe lake. Mvua imeanza jioni. Na inyeshe, rangi ni ya mashua.

Jumamosi, 17 Agosti
Balaa! Makombe hayakuwa nilipoyaweka. Yalikuwa yanatembea. Na yana miguu!

Madam Octavie, mwenyekiti, aliyenifundisha kusoma, aliniuliza kama nilizaliwa hapa au nililetwa na meli. Hata watoto wanajua, alisema, kwamba Agosti kaa-askari, wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, huteremka baharini, na kila mmoja hupita akitafuta nyumba kubwa kuliko aliyo nayo. Najua. Nilisahau.

Nikasema ni mchepuko mpya, wanifuate. Tukayafuata mekundu. Miiba. Tope. Madam alipoteza kiatu. Eustache alicheka mpaka akakaa chini.

Tukatokea kwenye mwamba, mwamba uleule Leonise alipokuwa akiokota konokono wake. Makombe yote yalikuwa pale, mekundu, mawimbi yakiyalowesha. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Nilikaa nikalia mbele ya kamati nzima, wala sikuona haya. Eustache akavua kofia. Baadaye akasema, "Alikuwa akinipa konokono wa kitoweo, bwana. Kila Jumapili. Wewe ulikuwa hujui."

Kweli nilikuwa sijui.

Kamati ikaziacha njia zote mbili. Itafunguliwa hii ya leo. Jina: Njia ya Kaa. Kaa! Wameipata kwa siku moja. Leonise aliishuka maisha yake yote.

Jumapili, 18 Agosti
Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza. Nje, Madam Octavie alinishika mkono, akaniambia majina hubadilika, Féli, watu wakizoea kuita jingine. Basi lazima walizoee. Jina la Leonise liandikwe mwanzo wa njia, mahali ambapo kila mtu ataliona. Ila safari hii nimetia akili: niliandike juu ya kitu kisichotembea.

Nimekipata. Mbuzi mweupe wa Eustache amelala kwenye kona ya mwanzo wa njia tangu Krismasi, hajainuka hata kwa mvua. Na rangi imebaki nusu kopo.