Mzee Austine kwa Rangi za Mafuta

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeitwa ofisini. Dkt. Hemed, msimamizi wangu wa uzamili, hakunipa hata kiti. Akasema onyesho langu la mwaka jana lilihudhuriwa na bawabu na mbwa, na bawabu alikuwa kazini. Maneno gani hayo! Mbwa alikaa mpaka mwisho.

Sheria ya kozi yetu ya uchoraji hapa Homa Bay inaeleweka. Kazi ya mwisho haionyeshwi chuoni. Unaipeleka kwa watu, huko wanakoishi, na mtahini kutoka nje anakuja kuona kama watu wamefika na kama imewagusa. Nikianguka tena, basi. Mimi, Maroa Gisiri, nitarudi Migori kuchora vichwa kwenye vibao vya vinyozi. Na mama huko nyumbani ameshashona gauni la mahafali. Ameshalivaa kanisani. Ameshawaambia kina mama wote kwamba mwanawe ni profesa wa picha. Nitamwambiaje alivue?

Onyesho ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Mtahini ni Prof. Bitutu, mama wa Oyugis ambaye wanafunzi wanasema akikutazama unakumbuka dhambi zako zote.

Edith, mwenzangu darasani, ameshapata ukumbi mjini. Anaonyesha magauni ya ngozi ya mbuta. Ndiyo, samaki! Amesema kwa huruma niweke kazi zangu kwenye kona ya ukumbi wake. Kona! Nikamwambia asante, nina mipango mikubwa. Sina hata mmoja.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango nimeupata! Watu wako wapi kwa wingi? Masara, kwenye machimbo ya dhahabu. Nimebeba mchoro wangu mkubwa wa "Upweke wa Jembe" nikautandaza karibu na shimo ili wachimbaji wakitoka wakutane nao uso kwa uso.

Walipotoka waliuliza kama mimi ni mtu wa serikali. Nikasema mimi ni msanii. Wakafurahi sana, wakanikaribisha chai ya rangi na mandazi. Niliporudi kuutazama mchoro, walikuwa wameanika mawe yaliyosagwa juu yake. Mmoja akanisifu kwamba kitambaa changu ni kigumu, hakipitishi maji hata kidogo, na akauliza kama ninacho kingine.

Ninacho kingine kimoja. Kanvasi kubwa, tupu, urefu wa mlango. Sikumwambia.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo Mungu ameniona. Nimekwenda Rusinga, nikakutana na Mzee Austine, chifu mstaafu. Mtu mrefu, masharubu kama ufagio mpya, na anapenda kuzungumzia jambo moja tu: Mzee Austine. Boma lake liko kando ya barabara, uwanja mpana, nyasi zimekatwa. Nikaona onyesho langu pale pale.

Nikamwambia mtu kama yeye hawezi kubaki bila picha ya mafuta. Akajifanya hataki. Akauliza itakuwa kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha. Akasema nianze kesho, na boma ni langu, na kisiwa chote kitakuja kwa sababu yeye ni yeye. Mkewe, Mama Phelesia, akasema ukutani hakuna nafasi ya huyu mzee mara mbili, mmoja anamtosha.

Jumatano, 13 Agosti

Picha imekwisha! Siku nne mzee amekaa kwenye kiti akiwa na fimbo yake, akilalamika mgongo na kuniagiza nipunguze kitambi. Nimepunguza. Sanaa ni heshima.

Kesho yeye na Mama Phelesia wanakwenda Oyugis kwa binti yao Marion, kuna fundi wa huko anamshonea mzee suti mpya ya kuvaa kwenye onyesho. Watarudi Jumamosi asubuhi. Ameniachia ufunguo wa boma. Simu yake huwa anaizima ili chaji isiishe, kwa hiyo amesema nisimsumbue.

Edith amekuja kuiona picha. Kwanza akasema mikono nimeichora vizuri kweli. Nikajua sasa sumu inakuja. Ikaja. Nikamwonyesha nilivyopanga: hema jeupe, picha mlangoni juu ya kigoda, maua pande zote mbili, na chini yake kibao, "Mzee Austine, 1948–2025", kwa sababu picha inabeba maisha yake yote hadi mwaka huu. Edith akashika kichwa. Akasema yeye amezaliwa huku, na ananiomba kama dada yangu: toa maua, futa miaka, na usiweke kitu nje siku ya Ijumaa, siku ambayo huku miili huletwa nyumbani. Eti mtu akipita atauliza mwili unafika lini.

Wivu mtupu! Mtu anayeshona samaki atanifundisha jinsi ya kupanga maua?

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui hata nianzie wapi. Machozi yananitoka ninapoandika. Ya furaha!

Mchana nilisimamisha hema. Yassir, mwenye duka pale Mbita, ndiye anayekodisha hema, viti na spika. Alipoona picha akaniambia pole sana. Nikamwambia nimeshazoea, kazi ya sanaa ni ngumu. Akanipunguzia bei bila kuombwa na akaweka nyimbo za injili mwenyewe.

Saa kumi akatokea mama wa kwanza barabarani. Akasimama mbele ya picha. Akasoma kibao. Akatupa kikapu chake, akashika kichwa kwa mikono miwili na kupiga yowe mpaka kuku wakapanda mtini. Sijawahi kuona mtu akiguswa na uchoraji namna hiyo! Mwaka jana hata mbwa alipiga miayo. Baada yake wakaja wengine, makundi kwa makundi, wanakimbia kutoka barabarani huku wakilia, wanazunguka boma na matawi mikononi. Mmoja alijitupa chini mbele ya picha na kugaagaa. Mwingine aliikumbatia, na kwa kuwa mafuta hayajakauka, akaondoka na nusu ya sharubu shavuni. Nimeirudishia haraka haraka.

Na ukarimu! Wameleta kuni, sukari, unga, majogoo. Vijana wamewasha moto mkubwa na wamesema watalala hapa hapa. Onyesho la kulala! Hata huko ng'ambo hawajafika.

Mzee mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama Austine aliteseka sana. Nikamwambia siku nne tu, kwenye kiti, mgongo ukimuuma. Akatikisa kichwa, akasema afadhali. Akauliza nani alikuwa naye. Nikajipiga kifua nikamwambia ni mimi peke yangu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akanishika mkono akanibariki.

Wamejaribu kumpigia mzee simu, imezimwa. Wakalia zaidi.

Jumamosi, 16 Agosti. Asubuhi

Umati! Boma limejaa, barabara imejaa. Mchungaji amekuja. Chifu wa sasa amekuja. Bonface, mdogo wake Mzee Austine, amekuja pia, na watu wamenong'ona, kwa maana hawa ndugu hawajasalimiana miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kila nikipita napewa pole. Nimeanza kuwa na wasiwasi kidogo na hizi pole.

Baadaye vijana wanne wakanijia na majembe na masepeto. Wakauliza kama mzee alisema achimbiwe upande gani. Nikauliza achimbiwe nini. Wakatazamana. Mmoja akaniambia taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kaburi.

Yaani! Nikakaa juu ya gunia la mahindi ya rambirambi.

Nikafikiri. Prof. Bitutu anafika saa nne. Nikiwaambia ukweli sasa, umati unaondoka, mimi naanguka, gauni la mama linavuliwa. Nisiposema, watu wamefika na wameguswa, sheria imetimia. Ni kuvumilia kwa saa moja na kitu tu! Nikawaambia vijana upande wa kushoto wa nyumba, na wachimbe polepole.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Walichimba haraka.

Bonface ndiye aliyeshika kipaza sauti. Akalia kama mtoto. Akasema kaka yake alikuwa mtu wa haki, na kwamba mkonge wa mpakani ni yeye Bonface aliyeusogeza, wakati wa mvua, mistari miwili mizima, na miaka yote hii amemwacha kaka yake aitwe mwongo mbele ya wazee. Akasema angetoa chochote apate kumwomba msamaha.

Nyuma ya hema sauti ikamwambia arudie pale kwenye mkonge, hakusikia vizuri.

Alikuwa Mzee Austine. Suti mpya ya kijivu, fimbo mkononi, vumbi la bodaboda mabegani. Alikuwa amesimama pale tangu hotuba ya mchungaji, na hakutaka kumkatiza mtu anayemsifu.

Wueh! Watu walivyotimka! Mchungaji alipita katikati ya ua wa miti, hakutafuta mlango. Yule mama wa sharubu alizimia. Vijana wa kaburi walirukia ndani ya kaburi lenyewe. Bonface peke yake hakukimbia. Alipiga magoti, na mzee akamwinua, wakashikana wakilia wote wawili, na Mama Phelesia ndiyo kwanza anafika kwa pikipiki nyingine, akiuliza nani amemwekea moto kwenye bustani yake ya sukumawiki. Hapo nami nililia. Kweli kabisa.

Kisha watu walirudi, wakanitafuta. Nilikuwa chini ya meza ya chai.

Wazee walikaa. Wakasema mtu ameshaliliwa, kaburi limeshachimbwa, halifukiwi tupu, la sivyo litamwita mwenyewe. Mmoja akataja yago, lile tunda refu la mti wa mwegea ambalo huzikwa badala ya aliyepotea na mwili wake haukuonekana. Shangazi yake Mzee Austine, mwanamke mkongwe kuliko wote pale, akasema yago ya nini na picha ipo? Kilicholiliwa ni hicho, kizikwe hicho. Wote wakasema ndivyo.

Nilipinga! Niliwaeleza kuhusu uzamili. Mzee Austine mwenyewe aliitazama picha muda mrefu, akasema inauma, hajawahi kuwa na kitambi kizuri namna ile. Akachukua sepeto la kwanza.

Prof. Bitutu alifika wakitupa udongo wa mwisho. Alichelewa, barabara ilijaa magari ya waombolezaji. Akaniuliza kazi iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama pale pale. Edith, ambaye alikuwa amekuja naye baada ya onyesho lake mwenyewe, alikaa kwenye nyasi akacheka mpaka akashindwa kupumua.

Jumatatu, 18 Agosti

Matokeo. Edith amepita, kwa sifa. Magauni ya samaki yamekwenda makumbusho.

Mimi sijapita, sijaanguka! Prof. Bitutu amesema katika miaka yake yote hajaona kazi ya mwanafunzi ikiwagusa watu hivyo, ila hawezi kutoa alama kwa kitu kilicho chini ya ardhi. Nimepewa mwezi mmoja nilete picha nyingine. Moja tu, na iwe juu ya ardhi. Dkt. Hemed amenong'ona kwamba nimshukuru Edith, kwa sababu njia nzima ya kurudi alikuwa ananitetea, akimwambia profesa jinsi nilivyoichora ile mikono. Sijui alikuwa anatafuta nini.

Mzee Austine na Bonface wamerudisha mkonge mahali pake. Wamenitumia jogoo mmoja wa matanga. Mama amepiga simu kutoka Migori kuuliza tarehe ya mahafali. Nimemwambia gauni alipige pasi tu.

Jumatano, 20 Agosti

Nimetulia, nimefikiri nilikosea wapi. Nimegundua. Ilikuwa mahali! Rusinga watu ni wengi mno, wana maoni mengi mno. Kosa moja haliachi mke.

Mpango mpya ni mzuri kuliko wote. Nimemchora Prof. Bitutu mwenyewe. Ukubwa wa mlango. Mikono imekuwa mizuri sana. Ni zawadi ya shukrani, na mtu akipewa zawadi kama hiyo hakuangushi. Wiki hii yuko Kisumu kwenye mkutano na simu yake haipatikani, vizuri sana, nisingependa ajue mapema. Nimeuliza nyumba yao Oyugis iko wapi. Anakaa huko mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu, mwenye presha, lakini jirani ameniambia kwamba anampenda sana huyu binti. Basi nataka yeye ndiye aione wa kwanza.

Yassir amekubali kunipa hema jeupe. Hakuuliza kitu, amesema pole tena. Maua nimeyanunua. Kibao nimekiandika kwa herufi za dhahabu: "Prof. Bitutu, 1966–2025".

Edith amepiga simu tangu asubuhi. Sipokei. Wivu haujamwisha.

Naipeleka Ijumaa jioni.