Ninachosikia Saa Tatu, Nafundisha Saa Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Tangazo langu limebandikwa mlangoni: Mafunzo kwa Vitendo, Tengeneza Tovuti kwa Kiunzi cha Kisasa, Siku Tano. Kiunzi ni mifupa ya tovuti iliyokwisha kuchongwa; fundi anaongeza nyama tu. Mimi sijawahi kuongeza hata mnofu. Si kitu. Ng'ambo ya barabara mwalimu mwenzangu, Bingwa, anafundisha kiunzi hichohicho asubuhi. Nimejiandikisha kwake kwa jina la marehemu babu. Ninachosikia saa tatu, nafundisha saa tisa. Mpango hauna tundu!

Wanafunzi sita. Wa sita ni mama mkwe, mshonaji mstaafu, anataka tovuti ya kikundi chake cha ushonaji. Mke wangu ndiye aliyemleta. Kamwambia mkwe wake ni mtaalamu.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi Bingwa kafundisha fomu. Mchana nimefundisha fomu. Hata kikohozi chake nimekiiga. Mama akauliza mbona akibofya kitufe cha kutuma, hakiendi kitu. Nikamjibu hilo ni somo la kesho. Si uongo. Bingwa alisema hivyohivyo.

Jumatano, 5 Machi
Maafa. Bingwa anaumwa jino, hakuna darasa. Saa tisa nimesimama mbele ya watu sita, kichwani kweupe. Nikawaamuru wafunge kompyuta, waandike msimbo wa jana, yale maagizo ya kompyuta, kwa kalamu, mara tatu, kwa hati safi. Mwanafunzi mmoja, karani wa posta, akauliza kama hivyo ndivyo vitendo vyenyewe. Nikamwambia vitendo huanzia mkononi.

Mama hakuandika. Alikuwa anasoma mwongozo wa kiunzi kwenye simu, miwani puani, midomo ikicheza. Nilimwonea huruma.

Alhamisi, 6 Machi
Bingwa amerudi, shavu limevimba. Akaita majina. Nikaitikia la babu. Nyuma yangu sauti ikasema taratibu, Mungu amrehemu. Mama mkwe! Alikuwepo mazishini. Amekuja kulinganisha walimu. Akahamia kiti cha pembeni yangu, akaomba kalamu, basi.

Saa tisa akaja kwangu, akaandika kila neno kana kwamba hajawahi kulisikia. Angetaka kuniumbua angeniumbua.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya maonyesho. Mke wangu kaja, shemeji kaja. Nikafungua tovuti yangu kwenye projekta. Ukuta mweupe, katikati mstari mwekundu wa kosa. Nikalaumu umeme. Taa zilikuwa zinawaka. Nikalaumu projekta. Karani akasema projekta ndiyo pekee inayofanya kazi yake. Mke wangu akatazama viatu vyake. Hapo iliniuma, nakiri.

Mama akainuka. "Mwanangu, sogea kidogo."

Akausoma ule mstari mwekundu neno kwa neno, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Akasema kuna mabano hayakufungwa; ni kama pindo lisilopigwa fundo, ukivuta uzi nguo yote inafumuka. Akayafunga. Tovuti ikatokea. Kisha akawageukia wenzake, akasema mwalimu aliliacha kosa lile makusudi ili kuwapima. Makofi! Mke wangu akanitazama kama siku ya harusi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nje, Mama akaninong'oneza nifike kwake kesho saa mbili. Atanifundisha tangu mwanzo, na hakuna atakayejua.

Jumamosi, 8 Machi
Sikwenda. Mama alipiga simu mara mbili. Sikupokea, nilikuwa natafakari. Jana watu walisisimuliwa na nini? Si fomu, si vitufe. Kosa! Na Mama mwenyewe alithibitisha mbele ya kadamnasi kwamba kukosea ni mbinu ya kufundishia. Mshonaji kaona kipaji changu kabla yangu.

Tangazo jipya liko mlangoni: Mafunzo ya Juu kwa Vitendo, Kutambua na Kurekebisha Makosa. Safari hii sina haja ya kumsikiliza Bingwa, wala Mama, wala mtu yeyote. Makosa ninayo mwenyewe.