Kiongozi cha Patasi na Maji ya Mama Mkwe

Jamani wa karakana, leo sina uso. Barua hii nampa mchukuzi anayeteremka Masasi kesho, na naomba mmoja wenu aisome kwa sauti ya chini. Bora mlisikie kwangu kabla halijawafikia likiwa na chumvi.

Mnajua kilichonipandisha huku Newala. Fatu. Na mnajua desturi ya huku: mwanamume habebi binti akaenda naye kama kuku wa sokoni. Anakuja ukweni, anafanya kazi, anatazamwa. Mwenye neno la mwisho ni mjomba wa Fatu, Mzee Chilumba, naye aliniambia wazi: "Nyumba ya dada yangu haina mlango wa maana. Weka mlango. Ukinipendeza, harusi baada ya mavuno. Usiponipendeza, njia ya Masasi unaijua."

Mlango tu! Mimi, fundi wa misheni, niliyetengeneza mabenchi ya kanisa yasiyoyumba! (Isipokuwa lile moja, na mzee wa kanisa alishanisamehe.)

Mzee Chilumba mwenyewe ni mchongaji. Ana tezo la kuchongea na jicho, basi. Hana rula, hana kamba, hana penseli. Nikamweleza kwamba miimo ya mlango, ile miti ya kusimama kushoto na kulia, inataka mfereji ulionyooka, ili ubao ulale ndani yake bila upenyo. Akafumba jicho moja, akautazama mwimo, akasema, "Naona."

"Mjomba, jicho haliaminiki," nikamwambia. (Kumwambia hivyo mchongaji! Ndiyo akili yangu hiyo.) "Nitatengeneza chombo. Mfereji utakuwa sawa juu mpaka chini. Hata mjusi hatapata pa kupita."

Hayo maneno ya mjusi yakumbukeni.

Siku saba nilikitengeneza. Mbao mbili za mninga, nimezipiga randa mpaka zinateleza, zimesimama sambamba. Kati yake kibao kinachopanda na kushuka. Ndani ya kibao nimekaza patasi, ncha imetokeza kiasi cha ukucha. Unasukuma kibao, patasi inakula mti. Haiendi kushoto, haiendi kulia, haizami zaidi ya pale. Na ili chombo kisimame imara, nikakipa vipingo vitatu vya kukinga mlango mzima, kutoka mwimo huu hadi ule, na kabari za kukikaza kila upande. Nikakiita Kiongozi. Ni kama akida wetu wa serikali: chenyewe hakifanyi kazi, kinahakikisha wengine wamenyooka.

Basi leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku yangu. Fatu na wanawake wengine walikuwa wameshateremka bondeni kuchota maji. Huku juu hakuna kijito wala kisima. Wanashuka gengeni, kwenye mteremko mkali, gizani, wanapanda na mitungi kichwani, jua likifika utosini ndiyo wanaingia nyumbani. Hilo nilikuwa nalijua kwa kuambiwa. Shingo yangu bado haijalijua.

Nikadhani mama mkwe naye amekwenda. Ningejua yumo, nisingekanyaga! Miezi miwili hii sijamtazama usoni, sijasema naye neno, na nikisikia kikohozi chake naingia kichakani. Ndiyo heshima ya huku, na mimi nilitaka nionekane nina heshima kuliko wenyeji.

Mfereji unachimbwa upande wa ndani. Nikaingia ndani. Nikasimamisha Kiongozi mlangoni, nikagonga kabari. Nikasukuma kibao mara mbili, kabari zikalegea. Nikagonga tena. Zikalegea tena. Mti mkavu! Nikakumbuka tulivyofundishwa hapo karakana: kabari ikilegea, inyweshe maji, itavimba. Ninyi hapo mnatoka nyuma ya karakana na ndoo, kijito kile pale. Mimi nikageuka, nikaona mtungi umejaa ukutani.

Nikachota kata moja. Kabari zikanywa. Nikachota ya pili. Nyingine ilimwagika sakafuni, sikujali. (Zilikuwa na kiu, jamani!) Nilipofika ya kumi kata ikaanza kukwaruza chini ya mtungi, na Kiongozi kimekaza hata tembo hakitikisi.

Nikasukuma kibao. Mwimo wa kwanza ukatoka mfereji mzuri ajabu. Nikaanza kuimba. Nikapitisha mkono juu ya kipingo nigonge kabari moja ya nje, nyundo ikaniponyoka, ikaanguka uani. Si kitu, nikasema, natoka naiokota.

Natoka wapi?

Nikapitisha kichwa kati ya vipingo. Kichwa kikapita, mabega yakakataa. Nikarudisha kichwa (masikio yalipata tabu). Nikajaribu chini, nikajaribu juu. Nikavuta kabari kwa mikono mpaka kucha zikalia. Nyumba yenyewe haina dirisha. Nikasimama nikikitazama chombo changu, na nikakiri kwamba ni kazi safi sana.

Ndipo nikasikia kikohozi. Nyuma ya kiambaza cha chumba cha ndani. Mama mkwe! Goti lilikuwa limemuuma, hakwenda bondeni!

Nikageukia ukuta haraka, paji la uso likagonga udongo. Pembeni kulikuwa na kuku anaatamia. Yule mama akatoka, akasimama. Hawezi kusema na mimi. Akamgeukia kuku.

"Wewe kuku, kuna mtu humu?"

"Kuku," nikasema ukutani, "mwambie mama shikamoo."

"Kuku, mwambie marahaba. Muulize mbona haondoki."

"Kuku, mwambie mama... mlango umekuwa imara kidogo."

 Kisha nikasikia anakanyaga tope ndani ya nyumba yake. Kisha nikasikia kata ikigonga mtungi mtupu.

"Kuku," akasema polepole, "maji yangu yako wapi?"

Kuku akazidi kuatamia. Mimi nikazidi kuukumbatia ukuta.

Mama akapiga yowe. Majirani wakaja mbio. Mzee Chilumba akaja na tezo lake begani. Na kwa bahati yangu, akida alikuwa anapita na askari wawili. Mnamjua: tangu vita vya Maji Maji viishe, akiona watu watano pamoja anataka kujua wanapanga nini. Hapa walikuwa ishirini.

"Humo ndani kuna nini?" akauliza.

Jirani mmoja, mdomo wake haujapata kufungwa, akadakia: "Kuna mtu amejifungia, bwana akida! Anamwagia miti maji!"

Watu wote wakarudi nyuma. Msicheke hapo. Huku bado kuna wajane wa vita vile vya maji ya dawa, na kamba za wazungu za kunyongea watu hakuna aliyezisahau. Askari mmoja akateremsha bunduki begani. Nikashika kipingo kwa mikono miwili.

"Maji gani?" akida akaniuliza kupitia vipingo.

"Ya mtungi, bwana."

"Nani amekupa?"

"Nimejipa mwenyewe."

"Yanafanya nini?"

"Yanaimarisha, bwana."

"Yanaimarisha ili iwe nini?"

"Ili kisipenye kitu, bwana!" (Niliyasema haya. Mbele ya bunduki. Kwa fahari ya kifundi.)

Askari akatia risasi bunduki yake. Nikaona kitanzi, nikaona Fatu anarudi na mtungi wake anakuta mimi sipo. Nikalia, jamani. Machozi ya kweli.

Basi mama mkwe akafanya ambalo hakuna aliyelitegemea. Akaja kwa goti lake bovu, akasimama ubavuni mwangu, bega kwa bega, heshima zote pembeni, akasema kwa sauti ya kufika kijiji cha pili:

"Bwana akida, huyu ndiye mganga wa vita? Mganga gani anajifungia mlango mwenyewe akashindwa kutoka? Tena maji yenyewe kaniibia! Hebu mtazame. Mtazame vizuri. Huyu anaweza kumpindua nani?"

Akida akainama, akachungulia. Alinitazama machozi, kamasi, na tope la ukuta kwenye paji la uso. Akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka.

"Twendeni," akawaambia askari. "Bwana wa boma akiuliza, mwambieni hakuna uasi. Kuna mkwe."

Kijiji kizima kikaanguka kicheko. Askari yule wa bunduki alilazimika kushika mti.

Mzee Chilumba hakucheka. Akainua tezo. Pigo la kwanza, kipingo. La pili, kipingo. La tatu, na Kiongozi, siku saba za maisha yangu, kikawa kuni. Nikatoka. Yeye akaingia, akafumba jicho moja, akauchonga mfereji wa mwimo wa pili huku anavuta tumbaku. Watu walipoondoka nikaupima kwa rula. (Nikaupima mara ya pili.) Umenyooka kuliko wangu.

Nikakusanya vyombo vyangu nijue moja. "Mjomba, nirudi Masasi?"

"Mlango nusu wangu, nusu wako," akasema. "Siwezi kuamua. Muulize mwenye maji."

Mama mkwe alikuwa ameshanipa mgongo, kama ilivyo desturi. Nikasubiri. Niliogopa kuliko ile saa ya bunduki.

"Kuku," akasema, "mwambie mkwe wangu kwamba mtungi haujai wenyewe."

Mmesikia? Mkwe wangu!

Kesho kabla ya jua nateremka bondeni na wanawake, mimi mwanamume peke yangu, mtungi kichwani. Fatu ameshanisukia kata ya majani ya kuwekea mtungi kichwani, na alicheka muda wote aliokuwa anasuka. Nitashuka hivyo mpaka mavuno. Kama yupo kati yenu mwenye safari ya kupita huku, namwomba jambo moja tu: akikutana na mimi njiani, ageukie pembeni, na kama ana salamu, ampe kuku.