Malalamiko Dhidi ya Mlima Uliokaidi Ripoti Yangu

Kwa Mheshimiwa Bi. Tjaša Hribernik,
Mkurugenzi wa Ujenzi wa Handaki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na buti zako zimekwisha kukauka. Ni mimi Vinko Zupanec, mjiolojia mstaafu wa hapa Podlipje, niliyewaandikia ripoti ya hatari zilizomo mlimani kabla hamjaanza kuchimba. Kwa heshima zote, naushtaki Mlima Rjavček kwa utovu wa nidhamu.

1. Ukurasa wa 88 niliandika kwamba mwamba ni mkavu na hatari ya maji ni ndogo. Nikatia saini na muhuri. Jumanne mlima ukawamwagia watu wako maji ya kiunoni, wakatoka mbio. Tunashukuru hakuna aliyeumia. Lakini je, mlima haukusoma?

2. Maji yale ni ya chemchemi ya nyumbani kwangu. Bomba la jikoni sasa linakohoa tu. Niruhusu nieleze, maana kueleza ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo: jiwe la chokaa huliwa na maji polepole, likabaki na matundu kama mkate ulioumuka vizuri. Nimelifundisha jambo hili miaka thelathini na moja. Mlima haukuwa na haki ya kunifundisha mimi.

3. Mke wangu, Ljudmila, mlimchagua awe mama wa ubatizo wa handaki, na kwa desturi handaki huitwa jina lake mpaka kazi iishe. Sasa nikiingia baa napokewa kwa kelele: "Mzee Vinko, Ljudmila anavuja! Umemfanyia nini?" Drejc, msimamizi wa zamu, alinionyesha sanamu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, pale mlangoni mwa handaki, akasema: "Profesa, bibi huyu hajatuandikia ripoti hata moja, na hajatudanganya hata siku moja." Ljudmila mwenyewe hacheki. Anateka maji kwa jirani, na kila ndoo anakuja kuitua mbele ya kiti changu.

4. Nasikia Jumatatu mnaanza handaki la pili, kando ya lile, kwa ripoti ileile. Naomba kabla ya hapo mlima usomewe ukurasa wa 88 kwa sauti, utie saini kwamba umeelewa. Ukikataa, uhamishwe.

Nisalimie zamu zote tatu, wapishi wa kantini, Drejc (kidogo), na Mtakatifu Barbara.

Wako mtiifu, tofauti na mlima,
Vinko Zupanec

N.B. Ljudmila ameisoma barua hii, akauliza neno moja tu: "Na lile tundu la tatu, Vinko?" Ramani ilitaka tundu la tatu la kupimia mwamba litobolewe katikati ya miti yangu ya plamu. Ilikuwa imechanua. Nikalisogeza mita arobaini, nikapima mahali pakavu, nikaandika ukurasa wa 88. Mlima ulikuwa tayari kusema, mimi sikuuliza. Futeni mashtaka, na Jumatatu msichimbe. Leteni kwanza mtambo wa kutobolea hapa kwangu. Miplamu ya katikati nimeshaikata, na geti liko wazi.