Mbu wa Bomba la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mwisho wa mwezi mradi unabakiza mtu mmoja tu chumba cha mbu: mimi au mwenzangu tunayemwita Miwani. Tumechoka hata kutazamana. Daktari, mkuu wa mradi, kasema atakayeleta mbu wa mtaani wenye bakteria tunaowatafuta, wakazaa na watoto wakarithi, ndiye atakayebaki. Bakteria hao wakikaa tumboni mwa mbu, vijidudu vya malaria havistawi humo. Mbu anauma, lakini haambukizi. Na mimi najua walipo! Nyuma ya nyumba ya mama mkwe, kwenye dimbwi la bomba linalovuja. Nimepima mbu wawili kimyakimya. Wanao!

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda na kopo kuchota viluwiluwi. Mama mkwe kauliza bomba nalitengeneza lini, maana nimeahidi tangu mvua zianze. Nikasema vipuri vimeadimika. Akasema kwa wenzake hata wakwe hawajaadimika. Nimeinama, nikachota. Mke wangu kanuna: mama yake anaumwa na mbu kwa uvivu wangu. Siwezi kumweleza. Anasukwa nywele na dada wa Miwani, na siri ikifika kwenye kile kiti cha msusi imefika sokoni.

Alhamisi, 7 Machi
Wameota mabawa! Lakini wanakufa ovyo, na maji yao ya sukari yamechacha. Miwani kachungulia kizimba, kanipa pole. Pole ya mtu yule inawasha. Nimekumbuka vidonge vyangu vya jino, vya kuua bakteria, nilivyoviacha nilipopata nafuu. Nikasaga, nikakoroga kwenye sukari. Mgonjwa ni mgonjwa.

Jumatatu, 18 Machi
Wamenawiri! Wametaga! Miwani hana hata mmoja wa kuonyesha, anazurura na ndoo huko nje. Maskini. Kwa mama mkwe sijapita, namkwepa.

Jumatano, 27 Machi
Majibu. Bakteria hakuna. Kwa mbu wazazi hakuna, kwa watoto hakuna. Daktari kasema hajawahi kuona mbu wasafi namna hii, akauliza nawalisha nini. Nikasema sukari. Akanusa pamba wanayofyonzea sukari, akanitazama. Nikasema yote. Hakufoka. Alikaa, akajifuta uso, akaniambia taratibu kwamba dawa ya kuua bakteria huua bakteria.

Nimekimbilia dimbwini kuchota upya. Pakavu! Mama mkwe kanieleza kwa furaha: mke wangu alilalamikia bomba akiwa anasukwa, basi wiki mbili nyuma akaja kijana wa miwani, ana adabu huyo, akalikaza, akaomba achote vidudu tu. Anamwita mwanangu. Mimi hajaniita hivyo tangu nilipoleta posa.

Ijumaa, 29 Machi
Miwani kabaki. Mbu wake wana bakteria, na watoto wao pia. Nimeumia, sifichi. Mke wangu kasema afadhali bomba limepona.

Jumamosi, 30 Machi
Miwani ana roho nzuri, inachosha. Kaniomba nimtazamie kizimba mpaka kesho, siku yangu ya mwisho, akapumzike. Nimechungulia asubuhi: mbu watatu chali. Uchungu ulionishika! Hawa si wageni kwangu, ni wa dimbwi langu. Nimekaa, nimefikiri sana. Kosa langu mara ile lilikuwa kipimo cha dawa.

Vimebaki vidonge viwili. Nimesaga kimoja tu.