Ukoko wa Mashine ya Dawa Upewe Notisi

Bi. Hikma Abdurahim,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maji,
Kaloleni.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi. Mimi ni Nahashon Owiti, karani mstaafu wa reli na mnywaji wa chai ya saa kumi. Nakuandikia kwa heshima, ila moyo umenichafuka, kuhusu fundi wenu Sylvance na ile mashine inayotia dawa katika maji ya bomba letu. Kila ikiziba, yeye huizibua. Mara tatu sasa! Na ametangaza kwamba Jumamosi ataifungua tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine ikiziba, chai yangu huwa chai. Ikizibuliwa, nanywa dawa yenye majani na maziwa. Mke wangu Perez anasema ni ulimi unaozeeka. Si kweli.

2. Mara ya kwanza alikuta ukoko mweupe umeganda ndani ya mrija wa dawa. Ulikuwa umekaa pale miezi minne bila kumsumbua mtu. Hapa hata mpangaji mkorofi hupewa notisi ya mwezi. Sylvance aliuchomoa mrija, akausuuza kwa maji matupu, eti dawa na siki zikikutana hutoa hewa ya kukaba koo, kisha akauloweka kwenye siki. Siki yenyewe aliiazima jikoni kwangu! Jumapili tukala kachumbari isiyo na ladha.

3. Hupima maji kwa kichupa mbele ya akina mama. Yakigeuka rangi ya waridi, eti dawa imo, wanapiga makofi. Tangu lini maji safi yakawa na rangi? Wiki hii yamebaki meupe pe, maji yenye adabu zake, naye amekunja uso kama aliyefiwa.

4. Mara ya tatu alitoa kitambaa kwenye chujio, akakianika hadharani na kuuliza mwenyewe ni nani. Kina maua ya bluu, kama vitambaa vya makochi ya nyumba nyingi hapa. Huko ni kuwaaibisha watu wazima.

Kwa hiyo naomba ukoko utambuliwe kuwa mpangaji, Sylvance ahamishiwe mtaa wa Baba Dogo, na kamati itangaze kwamba mashine iliyoziba imepumzika tu. Wiki nzima nimekunywa chai ya maji haya, na tumbo langu halijalalamika hata mara moja.

Wasalimie wanakamati wote, na Ubaid wa duka, na hata Sylvance. Mwambie sina kinyongo.

Wako mtiifu,
Nahashon Owiti

Tanbihi: Nimeifungua tena bahasha. Mjukuu wangu Winny anaharisha tangu asubuhi, na Perez amempeleka zahanati mgongoni, mtoto amelegea. Wameuliza anakunywa maji gani. Yangu mimi huchemshwa pamoja na majani. Yeye hukinga mikono pale pale bombani. Sikulifikiria hilo, nami naona aibu. Bi. Hikma, vitambaa vilikuwa viwili. Cha pili nilikisokomeza pale mrija wa dawa unapoingia kwenye bomba kubwa. Mwambie Sylvance asingoje Jumamosi, aanzie hapo. Siki nitamletea mwenyewe.