Upande Wenye Chokaa

Rafiki zangu wa Lwiro, leo nimejiaibisha mbele ya nusu ya Kasha, tena mchana kweupe. Nawaandikia haraka kabla habari haijawafikia kwa mdomo wa Safari, dereva wetu. (Safari hupita huko kila Jumamosi, na hajui kufupisha.)

Nianze na mteremko wenyewe. Ukitoka Bagira kuingia Kasha, barabara inapanda ikiwa imebanwa: mkono mmoja kilima, mkono mwingine bonde lenye nyumba chini. Udongo wa pale ni mwekundu, wa mfinyanzi. Wakati wa jua ni mgumu kama tofali. Mvua ikinyesha unavimba, unalainika, unateleza kama sabuni. Malori yanakwama, mamans wa soko wanashuka na mizigo yao kichwani, na viazi vinafika Bukavu vimeoza.

Mimi ndiye niliyeleta wazo la chokaa. Nililisoma shuleni, nikalijaribu kwenye makopo nyuma ya ofisi: ukichanganya chokaa na udongo ule, ukatia maji kwa kiasi na kuushindilia, unaacha kunata, na siku zikipita unakuwa mgumu. Wafanyakazi wakanipa jina la Docta wa Udongo. Nilijifanya nakasirika. Ukweli nililipenda sana hilo jina.

Basi tukachagua kipande kimoja cha mteremko, tukakigawa katikati kwa urefu. Nusu ya upande wa kilima tuliichimba, tukaichanganya na chokaa, tukaishindilia. Nusu ya upande wa bonde tuliichimba na kuishindilia vilevile, ila bila chokaa, ili tofauti ionekane. Katikati tukapiga mstari wa vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Kila siku nilikuwa naanzia kazi chini, naangalia juu, na kwenye daftari langu niliandika: chokaa, kushoto. Kushoto, kushoto, kushoto. Kurasa nzima.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonyesha. Injinia mkuu alikuwa ametumwa kutoka Kinshasa, mtu mwembamba, asiyecheka, mwenye rula mfukoni mwa koti lake la abakosti kama watu wengine wanavyoweka kalamu. Lori lililojaa mawe lingepanda mbele ya macho yake. Likipanda, tungeendelea na mteremko wote. Likikwama, fedha zingepelekwa kwenye barabara ya Shabunda, na wafanyakazi wetu wote wangerudi nyumbani. Papa Kahasha, msimamizi wao, ana watoto saba. Usiku nilisikia mvua ikipiga mabati na sikulala tena.

Asubuhi nilifika mapema, nikiwa na abakosti mpya na viatu vyeusi. Mvua ilikuwa imeteremsha tope jembamba kutoka kilimani, likafunika barabara yote, pande zote mbili, rangi moja. Vijiti vilikuwa vimelala huku na huku, vitambaa vimechafuka. Vilinikera. Nikaanza kuving'oa.

Papa Kahasha aliniona, akaja polepole. Yeye ametengeneza barabara tangu mimi sijazaliwa, lakini haongei sana.

“Docta, acha iyo miti fasi iko,” aliniambia, akinionyesha kwa mkono niviache vijiti mahali pake. “Bageni batajuaje?”

Nikamjibu kwamba wageni watajua kwa sababu mimi nitawaambia. Nikaongeza kwamba barabara hii naijua kuliko kitanda changu. (Hayo maneno niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mashahidi.)

Kisha nikashuka chini kwa Safari, ambaye alikuwa amekaa ndani ya lori akila ndizi. Nikamweleza kwamba apande kushoto tu, asiondoke kushoto, na asisimame hata kidogo, maana lori likisimama pale katikati haliondoki tena. Alisema amesikia. Nikaona juu ya mawe wamekaa mamans wawili na vikapu vyao vya mboga. Nikauliza hao wanafanya nini pale. Safari alijibu kwamba leo hakuna gari jingine la kwenda mjini, na kama barabara yangu ni nzuri, mbona naogopa? Nikawaacha.

Nikapanda juu kumpokea injinia. Alisimama kileleni, akaangalia chini, sisi wote na watu wa Kasha waliokuja kutazama tukaangalia chini naye. Aliniuliza kwa ufupi upande wenye chokaa ni upi. Nikanyoosha mkono bila kufikiri.

“Kushoto, Citoyen.”

Akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari. Papa Kahasha alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani anastaajabia elimu yangu.

Lori likanguruma kule chini. Likaanza kupanda, polepole, likitoa moshi. Na mimi nikaona kitu kilichonikatisha pumzi: Safari alikuwa anapita kulia. Kulia kabisa, amejibana na kilima. Nikasema moyoni, huyu mtu amelewa ndizi. Nikawaza lori linakwama, injinia anafunga daftari, watoto saba. Sikuuliza mtu. Nikakimbia kuteremka, nikaingia upande wa kushoto, mahali nilipojua pana ugumu wa mawe, nikaanza kumpungia Safari mikono yote miwili aje kwangu.

Hatua ya kwanza ilishika. Ya pili ilishika kidogo. Ya tatu nilihisi ubaridi unaingia kwenye soksi. Nikajiambia ni lile tope la juu tu. Nikaendelea kupunga, nikipiga kelele, “Kushoto! Safari, kuja huku, kushoto!” Safari akanisikia. Nikaona usukani unageuka, na pua ya lori ikaanza kunielekea, na wale mamans wawili juu ya mawe wakashikana mikono.

Wakati huo tope lilikuwa limefika kwenye nusu ya muundi. Nikavuta mguu wa kulia. Wa kushoto ukazama zaidi. Nikavuta wa kushoto, wa kulia ukazama wote. Nikawa nimesimama kama kijiti, magoti ndani ya udongo, na lori lenye mawe linakuja.

Ndipo sauti ya Papa Kahasha ikatoka kule juu. Hakupaza sana. Hakuhitaji.

“Docta, iyo ni kushoto ya nani?”

Sijui kama mmewahi kusikia damu ikiondoka kichwani. Kushoto ya daftari langu ilikuwa kushoto ya mtu aliyesimama chini akiangalia juu. Mimi nilikuwa nimesimama juu nikiangalia chini. Safari alikuwa kwenye chokaa tangu mwanzo. Mimi nilikuwa kwenye uji. Nami nilikuwa namwita aje kwenye uji, na mawe yake, na mamans wake, na nyuma yangu hakuna kitu isipokuwa bonde na mabati ya nyumba za watu.

Nikageuza mikono. Sasa nikampungia aende. Lakini ukipunga ukiwa umezama mpaka magotini, kwenda na kuja vinafanana. Gurudumu la mbele likavuka katikati. Nikaliona linazama kidogo, likatetemeka, nikafumba macho.

Niliyafumbua niliposikia injini imebadilisha sauti. Safari alikuwa ameacha kuitazama mikono yangu. Baadaye alinieleza kwamba alitazama magoti: kwa kuwa hayakuonekana, akajua huku siko. Akazungusha usukani kurudi upande wa kilima, gurudumu likatoka likirusha donge la udongo lililonipata kifuani, na lori likanipita karibu hivi kwamba ningeweza kuligusa. Halikusimama. Halikuteleza. Lilipanda mpaka juu kana kwamba liko kwenye lami. Maman mmoja alinitazama kutoka juu ya mawe, akaniuliza kwa upole kama ninauza huo udongo.

Halafu watu wote wa Kasha waliokuwa pale wakacheka. Walikuwa wameshika pumzi muda mrefu, nawaelewa. Mimi sikuweza kucheka wala kulia.

Wanaume wanne walinitoa kwa mipini ya majembe. Kiatu cha kulia kilibaki. Nilipanda mpaka kwa injinia, mguu mmoja ukiwa na soksi tu, nikamwambia ukweli wote: kwamba nilikosea, kwamba niling'oa vijiti, kwamba nilionywa, na kwamba kosa ni langu si la wafanyakazi. Nilitegemea anifukuze hapohapo.

Alishuka mwenyewe kwenye upande wa kilima, akatembea kwenye alama za magurudumu, akachukua rula na kupima. Alama zilikuwa hafifu, hata kucha haziingii. Kisha akarudi, akachutama mbele yangu, akaweka ile rula kwenye suruali yangu, kutoka unyayo mpaka mwisho wa tope. Akasoma. Akaandika kwenye daftari.

“Tofauti nimeiona vizuri,” alisema. “Muendelee.”

Papa Kahasha alivua kofia, akajipangusa uso, na nikajua si jasho tu. Halafu akaenda kuviokota vijiti, kimoja kimoja, akavirudisha katikati bila kunitazama. Nilimwendea, nikamwomba radhi mbele ya watu wake. Aliniambia nikatafute kwanza kiatu.

Injinia anaondoka Ijumaa na anataka vielelezo vya kupeleka Kinshasa: makopo yangu mawili ya udongo, daftari, na suruali. Mke wangu ameitundika ukutani sebuleni na amekatazwa kuifua. Mkija kunisalimu kabla ya Ijumaa, nawaomba mtazame ukuta mwingine.